Leica M2 kwa milioni nne na nusu: kisa cha muuguzi wa Kigamboni

"Kaka, shikamoo. Nina milioni nne na nusu, nataka Leica. Ninunue ipi?"

Ujumbe huo, wa kuuliza kamera ya filamu ya Leica, uliniingia Jumapili usiku. Aliyeuandika ni muuguzi wa hospitali moja ya rufaa hapa Dar es Salaam, ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akiniletea negativu zake nimskanie. Anaishi Kigamboni. Siku zake za mapumziko huamka usiku wa manane, akavuka na pantoni, na saa kumi na moja alfajiri yuko soko la samaki la Feri, wakati mitumbwi inashusha na madalali wanaanza kunadi. Amekuwa akipiga kwa Canon AE-1 ya marehemu mjomba wake, lenzi ya milimita 50 iliyokuja nayo. Picha zake nazipenda sana, ndiyo maana swali lake sikulijibu usiku ule.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake, bila jina. Wanaouliza swali kama lake ni wengi, na majibu mengi wanayopata yameandikiwa watu wenye fundi wa kamera mtaa wa pili, wasiolipa forodha, na ambao hawakai ufukweni penye unyevu wa mwaka mzima.

Kwanza: AE-1 inakunyima nini?

Nilimrudishia swali hilo na kumwomba asijibu haraka. Siku mbili baadaye akaniandikia mambo matatu. Kamera inapiga kelele, kila akibonyeza watu wanageuka. Dirisha linazimika kioo cha ndani kinaporuka, kwa hiyo tukio analolitaka ndilo asiloliona. Na chini ya taa za tyubu, kabla jua halijachomoza, fokasi humponyoka na picha zinatikisika.

Malalamiko ya kwanza nusu yake yalikuwa ugonjwa. AE-1 nyingi za umri ule hukohoa: mitambo inayoendesha kioo ikikauka mafuta, kila picha inakuja na mlio wa kukwaruza. Dawa yake ni tone dogo mno la mafuta laini mahali pake. Alikuja na bomba la sindano lenye ncha butu, tukaitibu mezani kwangu kwa robo saa. Kikohozi kikaisha, ukabaki mshindo wa kawaida wa kioo. Nikamwambia wazi: kama hii inakutosha, tuishie hapa. Kwa bei ya mkanda mmoja wa filamu ya HP5 tunaonunulia sisi, kama 30,000, milioni nne na nusu ni mikanda 150, na mikanda 150 itakufunza kupiga picha kuliko kamera yoyote duniani. Nilimaanisha.

Hakuridhika, nami sikutaka aruke gizani. Nikamwazima Canonet QL17 GIII yangu kwa mwezi mmoja. Ni kamera ndogo ya miaka ya 1970, lenzi yake ya milimita 40 yenye f/1.7 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi limefunguka zaidi) haitoki. Nayo ni renjifainda: hutazami kupitia lenzi, unatazama kupitia dirisha la pembeni. Katikati ya dirisha kuna kiraka cha mwanga kinachoonyesha taswira ya pili. Ukizungusha pete ya fokasi, taswira mbili zinakaribiana, zikishikana umefokasi. Hakuna kioo cha kuruka. Dirisha halizimiki, na nje ya mistari ya fremu unaendelea kuona kinachokuja.

Mwezi ulipokwisha aliniletea mikanda mitatu na jambo moja la kueleza. Mchukuzi mwenye kapu kichwani alikuwa ameingia kwenye picha mguu mbele, mahali pale pale alipotakiwa awe. "Nilimwona anakuja, kaka. Nilimsubiri." Picha aliiona kabla haijatokea. Pale ndipo nilipokubali kwamba anahitaji aina hii ya kamera, na kwamba hafuati jina tu.

Kwa nini asibaki na Canonet? Kwa watu wengi ningesema wabaki nayo, na bado nasema hivyo. Kwake kasoro ilikuwa fokasi. Kiraka cha Canonet yangu kimefifia, na madirisha yake mawili ya kupimia umbali yako karibu mno. Chini ya taa za tyubu, kwa f/1.7, theluthi ya picha zake zilifokasi nyuma ya mtu. Hapa tukagusa kiini cha suala zima la bei.

Milimita zinazolipiwa

Renjifainda inapima kwa pembetatu, kama mpima ardhi. Kadiri madirisha mawili yanavyoachana, na kadiri dirisha la kutazamia linavyokuza, ndivyo kipimo kinavyokuwa sahihi. Ukizidisha umbali wa madirisha kwa ukuzaji unapata namba moja ya kulinganishia. Leica CL ya 1973, iliyotengenezwa kwa ushirika na Minolta, ina takriban milimita 19. Bessa R2 ya Cosina, iliyotoka 2002, ina kama 26. Bessa R3A, ambayo dirisha lake halipunguzi wala kukuza, 37. Leica M2 iko kwenye 49 hivi. M3 imepita 60.

Namba hii ndiyo niliyomtaka aitazame kabla ya jina lililochongwa juu ya kamera. Kwa mtu anayepiga mchana kwa f/8, milimita 19 zinatosha kabisa na pesa ya ziada ni hasara. Kwa mtu anayepiga saa kumi na moja alfajiri, lenzi imefunguka yote, mtu akiwa mita moja na nusu mbele yake, namba hiyo ndiyo inayoamua kama jicho la samaki linatoka kali au linatoka uji.

Kichwani alikuwa na M6. Karibu kila anayeanza kuota Leica huanza na M6: ilitoka 1984, ni ya mitambo, na ina mita ya mwanga ndani. Mwaka 2022 kiwanda kiliirudisha sokoni kwa dola 5,295 huko Marekani, na za mtumba nazo zikabaki juu. Wiki ile tuliyotafuta, bodi tupu, bila lenzi, zilianzia kama milioni sita na nusu kabla ya kodi. Kuna watakaosema asubiri mwaka, aongeze akiba. Mimi sikukubaliana nao. Tofauti kubwa anayoilipia ni mita, na mita hata simu inayo.

CL niliikataa kwa sababu ya zile milimita 19 na kwa sababu mita yake ilitegemea betri ya zebaki ambayo haiuzwi tena. Bessa niliitetea kwa moyo wote: ina mita, shata yake (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) inafika 1/2000 ya sekunde, na mdomo wake, pale lenzi inapofungwa, ni ule ule wa Leica M, kwa hiyo lenzi usingeipoteza ukihama. Alisikiliza video za shata yake mara nyingi, kisha akasema mlio ule ni mkavu, wa bati. Shata yake kweli ni ya chuma, na malalamiko yake namba moja yalikuwa kelele. Sikuwa na la kumjibu. Angekuwa na laki tatu tu ningempeleka kwa Zorki-4 na lenzi ya Jupiter-8, nikamwonya asibadilishe kasi kabla ya kuvuta mkanda.

Suala la kelele si la anasa. Mpiga picha Peter Magubane wa Afrika Kusini aliwahi kuficha Leica yake ndani ya mkate aliokomba nyama yake, akapiga picha huku akijifanya anakula, na mkate ulipokwisha akahamia kwenye pakiti ya maziwa. Kamera yenye kioo kinachopiga isingeweza kazi ile. Feri si pa hatari ya namna hiyo, ingawa Ikulu iko jirani na kila mpiga picha wa pale anajua upande asioelekeza lenzi. Lakini dalali akigeuka, mnada umevunjika na picha imekufa.

Tukabaki na M3 na M2. M3 ya 1954 ndiyo yenye dirisha zuri kuliko yote niliyowahi kutazama, lakini mistari yake ya fremu inaanzia lenzi ya milimita 50, naye alikuwa anatamani siku moja apige kwa 35 au 40. M2 ilitoka 1957 kama ndugu wa bei nafuu wa M3, ikiwa na mistari ya 35, 50 na 90. Ukuzaji wake wa 0.72 ndio uliokuja kuwa wa kawaida katika M4, M6 na zilizofuata. Haina mita, haina betri, kihesabu picha unakirudisha sifuri kwa kidole. Zilitengenezwa zaidi ya 80,000, kwa hiyo zipo, na vipuri vyake mafundi wanavijua.

Hesabu

Alipanga hivi: M2 kwa 2,450,000, lenzi ya Voigtländer Nokton 40 f/1.4 kwa 950,000, usafirishaji na kodi 900,000. Jumla milioni nne na laki tatu. Zilibaki laki mbili, na alifurahi kwamba imetosha.

Nilimwambia haijatosha. Kamera yenye umri wa miaka zaidi ya sitini haijafika mkononi mwako mpaka imefanyiwa sevisi. Mafuta yake yameganda, renjifainda imehama, pazia huenda limechoka. Anayenunua gari la mtumba anajua ataitisha oili, plagi na bushi kabla halijaenda Morogoro, na hesabu hiyo anaiweka ndani ya bei. Kwa kamera watu wanasahau. Katika bajeti ndogo mimi hutaka sehemu moja kati ya sita ibaki bila kuguswa baada ya kulipa kila kitu, nayo ni ya fundi, na ikibidi upunguze, punguza kwenye lenzi. Lenzi itabadilishwa. Bodi utakaa nayo.

Kwa hiyo Nokton ikatoka, ikaingia Canon 50 f/1.8 ya zamani, ya mdomo wa nyuzi za kuskrubu uitwao M39, kwa 420,000. Ni lenzi nzuri yenye ugonjwa mmoja unaojulikana: ukungu unaojijenga kwenye kioo kilicho nyuma ya tundu lake. Kati ya M39 na M inahitajika adapta, na hapa usiruke: mdomo wa nyuzi uko milimita 28.8 kutoka kwenye filamu, wa M uko 27.8. Adapta lazima iwe na unene wa milimita moja kamili. Ya bei ya kutupa ikipungua hata kidogo, fokasi yote inahama, na utamlaumu fundi asiye na kosa. Pia kuna adapta zinazoita mistari ya 35, za 50 na za 28. Aliagiza ya 50.

Tulinunua Japani. Anayeagiza gari kule hatazami rangi, anatazama karatasi ya mnada, gredi na alama ya R. Kwa kamera hakuna karatasi hiyo, kuna maneno mazuri ya muuzaji, na maneno hayo tuliyapita. Tuliomba vitu vitatu: video ya shata ikilia kwa sekunde moja na kwa 1/8, picha iliyopigwa kupitia dirisha la kutazamia, na picha ya pazia likimulikwa tochi. Wauzaji wawili walikataa, tukawaacha. Wa tatu alituma vyote. Bei iliandikwa ya kweli kwenye fomu. Usafirishaji, VAT ya 18% na tozo nyingine vilikula 830,000. Jumla ikawa 3,700,000. Zikabaki laki nane.

Ilipofika, na kosa langu

Alikuja nayo kwangu kabla hajafungua boksi. Ngozi yake si ngozi, ni mpira mgumu uitwao valkanaiti, na kipande cha ukubwa wa ukucha kilikuwa kimebanduka pembeni. Mkono wa kuvutia ulikwenda taratibu, mzito kidogo mwishoni. Alipobonyeza kwa 1/60 alininyamazia, akabonyeza tena, akaisogeza sikioni. Mlio ulikuwa kama wa mtu anayefunga kitabu cha Kurani kwa adabu.

Jioni tulikwenda Coco Beach. Pwani tuna bahati ya kipimo cha bure: meli zinazosubiri kuingia bandarini, mbali kabisa baharini. Ukiweka lenzi kwenye mwisho wa umbali, mlingoti wa meli lazima uwe mmoja. Wake ulikuwa miwili. Taswira ya pili ilikaa juu kidogo, na kushoto kidogo. Ya juu ni usumbufu wa macho tu, lakini ya kushoto inamaanisha kamera inasema uongo kuhusu umbali. Sekunde moja ilidumu karibu mbili. Tulipomulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma, ukungu ulikuwepo, mwembamba, kama maziwa yaliyosuuzwa glasi.

Pale nikamshauri vibaya. Alikuwa na shauku, nami sikutaka kumvunja moyo kwa kumwambia aipeleke kamera kwa fundi siku ile ile aliyoipata. Nikasema, "Anza nayo, sevisi tutafanya baadaye." Mikanda mitano ikapita hivyo. Ya mchana ilitoka sawa, maana kwa f/11 kosa linafichika. Ya alfajiri ilikuwa huzuni: sikio kali, jicho laini, kapu la nyuma linasomeka mpaka nyuzi zake, mkono ulioshika kisu ni kivuli. Kibaya zaidi, alianza kujilaumu. Akadhani hajui kufokasi, akaanza kuzungusha pete zaidi ya kiraka kilivyoonyesha, akijaribu kukisia. Kamera yenye kipimo kibovu inamfundisha mtu mpya makosa, na makosa hayo ni magumu kuyafuta kuliko kulipa fundi mapema. Mikanda mitano ni 150,000. Zile asubuhi tano sina namna ya kumrudishia.

Sikupata Dar fundi ambaye ningemkabidhi M2 nikalala. Binamu yake alikuwa anasafiri kwenda Uingereza, akaibeba mkononi pamoja na lenzi, ikaenda kwa fundi binafsi anayezijua kamera hizi. Ilikaa kule wiki tisa. Gharama 640,000. Iliporudi, sekunde ilikuwa sekunde, mlingoti ukawa mmoja, na dirisha lilikuwa limesafishwa ndani. Alisema ni kama mgonjwa wa mtoto wa jicho aliyetoka chumba cha upasuaji, na yeye anawajua wagonjwa hao. Ukungu wa lenzi ulitoka karibu wote, umeacha kovu dogo kwenye kioo ambalo linaonekana tu taa ikiwa ndani ya picha. Akiba ilibaki 160,000. Akaongeza 60,000, tukanunua roli kubwa la filamu ya futi 100, mita 30.5, ambalo hutoa mikanda 18 ya picha 36. Mashine ya kujazia ni yangu. Kwa namna hiyo mkanda ukashuka kutoka 30,000 hadi kama 12,000.

Kusafisha filamu anasafisha mwenyewe. Maji ya bomba ya Dar ni nyuzi 29 kwa urahisi, na chati zinazungumzia 20. Hahangaiki kushuka mpaka 20. Anaweka chupa ya maji ya barafu ndani ya beseni mpaka dawa ifike 24, anachanganya kipimo kimoja cha dawa ya D-76 na kimoja cha maji ili muda usiwe mfupi mno. Muda wa HP5 anaupunguza kuliko ule wa nyuzi 20.

Kutokuwa na mita kulimsumbua wiki mbili tu. Mwanga wetu una tabia inayotabirika. Alibandika plasta ya hospitali chini ya kamera, akaandika mistari sita kwa kalamu: taa za tyubu f/2 kwa 1/30, anga la bluu kabla ya jua, jua la kwanza juu ya maji, kivuli cha paa, jua kamili f/16 kwa 1/500, ndani ya pantoni. Asubuhi moja pale Feri inapita mistari yote sita ndani ya saa mbili. Sasa haisomi tena.

Kifuniko na jua

Hili ndilo ningependa kila mnunuzi wa renjifainda wa pwani yetu alijue kabla ya kulipa.

Mwezi mmoja baada ya kamera kurudi, wanaume wanne walipandisha sulisuli ngazini, mrefu kuliko wao, jua la kwanza likiwa limemwangukia mgongoni. Alipiga picha kumi na moja. Aliposafisha, zote kumi na moja zilikuwa wazi, hazina kitu. Kifuniko cha lenzi kilikuwa mahali pake. Katika kamera ya kioo usingeona chochote, ungejua. Katika renjifainda unatazama kupitia dirisha lingine, kwa hiyo kila kitu kinaonekana safi huku lenzi imefunikwa. Kwa uchungu wa siku hiyo akaacha kabisa kutumia kifuniko.

Oktoba, jua la Dar linapopita utosini, alikuwa anarudi Kigamboni na pantoni ya mchana. Amechoka, kamera iko mapajani, lenzi imetazama juu, imefunguka f/1.8 tangu alfajiri, fokasi iko mwisho. Ndani ya AE-1 kioo kingekuwa katikati. Ndani ya M2 hakuna kitu kati ya lenzi na pazia la kitambaa. Ni mtoto na kioo cha kuchomea karatasi.

Aliniletea mkanda uliofuata akidhani ni vumbi. Nikaona nukta moja nyeusi kwenye negativu, mahali pale pale katika kila fremu iliyopigwa nje, nzito zaidi pale alipokaa muda mrefu juani kabla ya kupiga picha iliyofuata. Vumbi halina tabia hiyo. Tulizima taa, tukafungua mgongo wa kamera, tukamulika tochi kupitia mdomo wa lenzi. Kwenye pazia palikuwa na nyota moja, ndogo kuliko ncha ya pini.

Niliitia rangi nyeusi ya kitambaa kwa ncha ya sindano, tabaka jembamba sana ili pazia lisiwe zito, tukaacha siku nzima likauke. Mpaka leo imeshika. Lakini ni kiraka, na kiraka cha rangi hukatika, kwa hiyo pazia jipya linatakiwa, na pesa aliyokuwa akiweka kwa ajili ya Nokton imehamia huko.

Sasa ana mazoea mawili. Akiwa anatembea kamera iko wazi, lakini tundu limefungwa f/16, fokasi imerudishwa karibu, na lenzi imelala pajani. Kwa hali hiyo jua haliwezi kukusanyika kuwa nukta ya moto. Akiwa kwenye pantoni au daladala anaweka kifuniko, na kwenye kifuniko amebandika ulimi wa plasta nyeupe uliokunjwa ukasimama, mrefu kiasi cha kufika mbele ya dirisha la kutazamia. Akiinua kamera ikiwa imefunikwa, anaona weupe mtupu. Wazo ni lake. Nimetumia renjifainda miaka mingi kuliko yeye na halikuwahi kunijia. Kwenye kamera zangu sasa lipo.

Nyumbani kamera inakaa ndani ya boksi la plastiki la chakula, lenye mfuniko wa kubana na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, anavyovikausha kila mwezi. Mfuko wa ngozi uliokuja nayo aliuweka kando. Ngozi inanyonya unyevu, na kuvu huanzia hapo.

Baada ya mwaka

Nilihesabu naye mikanda ya alfajiri. Katika mkanda wa kwanza baada ya sevisi, picha 11 kati ya 36 zilikosa fokasi. Katika wa mwisho nilioskani, 3. Kasi ya 1/15, ambayo kwa AE-1 alikuwa haithubutu, sasa ndiyo anayoianzia chini ya tyubu, kwa sababu hakuna kioo kinachotikisa mikono yake. AE-1 hakuiuza, nilimkataza. Mvua ikinyesha ndiyo anayotoka nayo.

Mambo mawili ningeyafanya tofauti. Kamera ingetoka forodhani ikaenda kwa fundi bila kuingiza hata mkanda mmoja. Na ningempa somo la jua siku ile ile Coco Beach, wakati tunatazama milingoti, maana lenzi ilikuwa mkononi mwangu na jua lilikuwa nyuma yetu. Uamuzi wa kushusha lenzi na kubakiza laki nane ningeurudia bila kusita: bila laki zile, M2 ingekuwa leo kabatini ikisubiri mshahara, au imeuzwa kwa hasara kwa mtu mwingine mwenye ndoto kama yake.

Picha ninayoipenda katika mkanda ule wa mwisho ni ya dalali mwanamke, mkono juu, vidole vitatu vimekunjuliwa, mdomo uko katikati ya bei. Nyuma yake wachuuzi sita, na hakuna hata mmoja aliyetazama kamera. Fokasi iko kwenye kope zake. Pazia jipya tumelipanga Januari, binamu akisafiri tena.